Siku nane Mutomo: nilienda kuona maji yanayokaa ndani ya mchanga

Nimerudi Mombasa wiki moja sasa na malengelenge ya mikono ndio kwanza yanapona, kwa hivyo hii naiandika kutoka kwa daftari langu na picha za simu, na daftari lenyewe kurasa nne zilirowa kwa maji ya saruji, mtaona mbele.

Kwanza sababu. Kwao mamangu ni Kinango, kule Kwale, na Kinango mwezi wa tisa waijua, vumbi, ng'ombe mbavu nje na mitungi ya manjano kwenye foleni. Silanga ya kijiji, lile dimbwi la kuchota maji, hua imebaki tope ambalo punda na watu wanagombania. Sasa mamdogo wangu ana kikundi chao cha kina mama kumi na wawili, wanalima mahindi na kunde, wakasikia kwa redio kwamba Wakamba wanahifadhi maji ya mvua ndani ya mchanga wa mto, wakachanga mia mbili mbili nikapewa 2,400 na amri moja: nenda ukaone, urudi na jibu kama na sisi twaweza ama hatuwezi. Nyongeza nitoe mfukoni mwangu. Ndio mnaona bei nimeandika kila pahali, mweka hazina ni mamdogo na kwa pesa hana mchezo.

Mwenyeji nilikua naye, nilisoma chuo na binti wa Mutomo, Kitui Kusini huko Ukambani, na mamake ni mwenyekiti wa kikundi kilichokua kinajenga bwawa la mchanga wakati huo huo. Mombasa watu wakanitania niende na hirizi nisije nikarogwa na Wakamba. Nikawaambia natoka Kinango mimi, wao ndio waogope.

Siku ya 1, Jumapili 22 Septemba 2024. Miritini hadi Mutomo

Tuktuk kutoka nyumbani hadi steshen ya SGR 300. Nilipanda ile treni ya saa mbili asubuhi inayosimama njiani, manake ile ya moja kwa moja itakupeleka Nairobi uanze kurudi nyuma. Tiketi ya ikonomi hadi Kibwezi mia nane na kitu, unalipa kwa simu, kata mapema, wikendi zinaisha.

Ujinga wangu wa kwanza: nilikua nimenunua panga mpya sokoni Kongowea, 450, zawadi ya mwenyeji. Pale mlangoni mizigo inapangwa chini inanuswa na mbwa alafu inapita kwa mashine, askari akaniangalia tu, mama, panga? Nikakimbia nje, bahati yule wa tuktuk alikua bado anatafuta abiria wa kurudi, nikampa nikamwambia ipeleke pale uliponitoa, mwachie mwenye duka. Sikua na namba yake wala jina lake. Jioni mwenye duka akanitumia picha ya panga iko juu ya friji.

Kwa hivyo ukienda kazi kama hii usibebe chombo chochote cha kukata, jembe na panga kanunue huko huko.

Ndani ya Tsavo nilikaa dirishani. Ndovu wekundu wa vumbi nimewaona, lakini kilichonikaa kichwani ni kwamba sehemu ya maji ya Mombasa yanatoka humu humu, chemchemi za Mzima, yanateremka kwa bomba tangu miaka ya 50, yanapita karibu na watu wanaonunua mtungi kwa boda. Sisi tukikosa siku mbili Mombasa tunapiga kelele dunia nzima.

Kibwezi nilishuka kabla ya adhuhuri, boda hadi steji 150. Hapo nikapoteza masaa mawili unusu. Kondakta alisema "imebaki wawili tu" nilipokua wa tano, na wa tisa, na wa kumi na mbili. Nauli hadi Mutomo 500. Barabara lakini ni lami safi, hii ya Kibwezi kwenda Kitui, wenyeji wanasema zamani ulikua unafika umekua mweupe kama umetoka kinuni.

Mkipita daraja la mto Athi angalia chini. Huo ndio unaoitwa Galana ukifika Tsavo na ndio Sabaki ile ya Malindi inayotia bahari wekundu. Una maji mwaka mzima. Baada ya hapo kila daraja tulilopita juu yake hadi Mutomo chini lilikua mchanga mtupu, mweupe, mpana, na nyayo za mbuzi katikati.

Tulipata pancha kabla ya Ikutha. Dereva hakua na jeki. Tukakaa chini ya mti saa nzima, mama mmoja anauza maembe ya kukausha na mayai akatupa maji ya kunywa watu wote kumi na nne kwa kikombe kimoja, mtungi wa lita ishirini, akakataa kulipwa. Baadaye ndio nikajua mtungi ule aliuchukua umbali gani.

Mutomo nikafika jua linazama, boda hadi kijijini 300. Mwenyeji alikua amenielekeza kwa simu: shuka penye mwamba mkubwa, ukate kushoto. Mimi namwambia boda natafuta mwamba, anasema huu hapa, mimi natafuta jiwe, hakuna jiwe, kuna mbuyu mkubwa wa kutisha. Tukazunguka mara tatu. Kumbe Kikamba mwamba ndio mbuyu! Jiwe wao wanasema ivia. Na mimi begini nina mabuyu ya rangi nyekundu nimewaletea watoto zawadi kutoka Mombasa, nimerudisha mali kwa mwenyewe.

Siku ya 2, Jumatatu. Umelikanyaga

Asubuhi nyanyake rafiki yangu, kila mtu anamwita Susu, akanisalimia "Wakya?" nikajibu salama, watoto wakaanguka kwa kicheko. Mtu mzima akikusalimu hivyo jibu ni "Aa". Fupi tu. Jifunze hilo na "ni muvea", asante, utaishi vizuri.

Chai, viazi vitamu, alafu Susu akasema twende tukachote maji, nikuonyeshe bwawa la zamani kabla uone jipya. Tukateremka na punda wawili, mitungi minne kila mmoja, dakika ishirini hivi, tukafika kwa mto. Mchanga. Nimevua viatu natembea juu ya mchanga nauliza, Susu, bwawa liko wapi?

Akasema, umelikanyaga.

Kweli, nikageuka nikaona mbele kule ukingo wa ukuta umetokeza kidogo kama kizingiti cha mlango. Upande wa chini ukuta ni mrefu kunishinda, upande wa juu mchanga umejaa hadi juu sawasawa. Mvua ikinyesha mto unakuja kwa fujo, unabeba mchanga, mchanga mzito unatua nyuma ya ukuta na tope laini linapita juu kuendelea na safari, msimu mmoja, miwili, mitatu, hadi nyuma kunajaa. Basi maji yanaingia kati ya chembe za mchanga yanakaa. Jua linakausha pale juu tu, ukishuka futi mbili tatu halipati kitu. Hakuna mbu, hakuna ng'ombe kuingia na miguu, na mchanga wenyewe unachuja.

Susu alipiga magoti akachimba kwa kibuyu, mkono haujaisha hadi begani maji yakaanza kujaa. Mwezi wa tisa! Mvua ya mwisho ya maana walipata mwezi wa nne. Kisima cha namna hiyo wanaita kithima, wamekizungushia miba mifugo isiingie, na chini ya ukuta kuna bomba na mfereji wa punda na mbuzi. Kando ya mto pande zote mbili kuna sukuma, nyanya, kunde, na kijana mmoja na pampu ya petroli ananyunyizia pilipili hoho za kuuza Mutomo. Nilipiga picha hadi simu ikazima.

Susu anasema wakati yeye ni bibi arusi walikua wanaamka saa nane usiku, unafika kithima unakuta foleni, unalala hapo hapo na mtoto mgongoni. Anayaeleza haya akifunga mitungi kwa punda, hata hanitazami.

Mabwawa haya Kitui si jambo geni, kuna ya tangu enzi za mkoloni, na kuanzia miaka ya 90 shirika la SASOL likasaidia vijiji kujenga mamia. Upande wa Machakos, Kola, watu wanamtaja marehemu Joshua Mukusya aliyeanza na majirani zake Utooni mwaka 1978. Fundi wetu alijifunza kwa mtu aliyejifunza huko, ndivyo inavyosambaa, fundi kwa fundi.

Siku ya 3, Jumanne. Mtaro

Kazi ya pamoja wanaita mwethya. Saa moja asubuhi mko mtoni, jina linaitwa kwa daftari, asiyekuja bila sababu faini mia. Watu thelathini na kitu, wengi kina mama, wazee wachache, vijana wanaume wako Nairobi na Mombasa. Mfadhili (sitamtaja, sikuomba ruhusa) anatoa saruji, nondo na mshahara wa fundi. Mawe, mchanga, maji na jasho ni ya kikundi. Na kabla ya kupewa hata mfuko mmoja wa saruji walilazimika kuchimba matuta kwanza kwenye mashamba ya juu, yale ya fanya juu, unachimba mtaro unatupa udongo upande wa juu, ili mvua isiteremshe udongo wote mtoni ukaziba mchanga. Miezi minne ya matuta kabla ya bwawa. Hapo nilianza kuwaza kikundi cha mamdogo na nyuso zao nikiwapa habari hii.

Mama mwenyekiti akanipa chepe. Mzee mmoja akauliza kwa Kiswahili ili nisikie: mtu wa Mombasa anashika chepe? Nikashika. Saa nne nilikua nimeelewa swali lake.

Mtaro unakatiza mto mzima, ng'ambo hadi ng'ambo, karibu mita ishirini na mbili, na unaenda chini hadi jiwe. Si hadi pagumu, hadi jiwe lenyewe. Upande wa kushoto walilipata mita moja na nusu. Katikati mita mbili. Kulia, siku ya tatu wanachimba hapo, bado ni udongo na maji yanaingia ndani ya shimo kila usiku, asubuhi ni kuyatoa kwa ndoo. Watu walikua wamechoka na mmoja akasema fundi si hapa pagumu panatosha. Fundi akachukua mtaimbo akaupiga chini mara moja, ukazama. Hakusema kitu. Tukaendelea kuchimba.

Mchana muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe na mbaazi, sufuria moja kubwa chini ya mti. Mimi mtu wa mahamri na mbaazi za nazi nilidhani nitasumbuka, nilikula sahani mbili na nikaomba ukoko.

Saa tisa mtaimbo ukalia ngiii. Kina mama wakapiga vigelegele, mmoja akaingia shimoni akacheza na tope hadi magotini.

Kwa wanaokuja: viatu vya kufunika, kofia, glavu zako mwenyewe, na beba dawa ya malengelenge. Kulala, kama huna mwenyeji, Mutomo mjini zipo lojing za 800 hadi 1,500. Pesa taslimu usijali sana, hata muuza mayai ana M-Pesa.

Siku ya 4, Jumatano. Saruji

Jiwe la chini likasuguliwa kwa brashi ya waya na kuoshwa kama sahani. Fundi anasema uchafu wa kidole hapo ndio mwanya wa maji kesho. Wakatoboa mashimo ndani ya jiwe, nondo zikasimamishwa, senyenge ikapitishwa kati ya nondo, alafu ndio kukoroga. Saruji kipimo kimoja mchanga vitatu, na mawe makubwa yanatumbukizwa moja moja, sheria ni mawe yasigusane, kila jiwe lioge kote. Karai zinapita kwa mkono kutoka kwa mtu hadi mtu, laini ya watu ishirini, nyimbo za Kikamba sijui maneno lakini nilijua pa kuitikia.

Hapa ndipo daftari langu lilitumbukia ndani ya pipa. Niliinama kupokea karai, likatoka kifuani pwaa. Msichana wa kidato cha pili alilianika juu ya mwiba ukurasa kwa ukurasa, mchana kutwa anakuja kuligeuza kama anachoma nyama.

Kitu sikua nimefikiria: kujenga pahali pa maji kunataka maji mengi. Ya kukoroga, alafu ya kumwagilia ukuta kila siku karibu mwezi ili saruji isikauke haraka ikapasuka. Punda walikua wanaenda na kurudi kutoka bwawa la zamani tangu alfajiri. Ungekua unaanza pahali hakuna kitu kabisa, ungenunua kwa boda mtungi shilingi ishirini na tano, na piga hesabu ya mitungi mia kwa siku.

Siku ya 5, Alhamisi. Nilibeba mawe. Jioni nililala na viatu.

Siku ya 6, Ijumaa. Mto uliokwepa

Fundi aliniona nimekua mlegevu akasema leo pumzika, nenda na kijana wangu akuonyeshe bwawa lililokufa. Kilomita nne kwa miguu, jua la kupasua kichwa.

Jamani. Ukuta upo, mzuri, umesimama mzima katikati ya mchanga, hauna ufa. Na mto umepita kando yake. Mabawa ya ukuta yalikua mafupi, hayakuingia ndani ya kingo vya kutosha, na katikati hapakuachwa chini zaidi ili mafuriko yapite hapo, kwa hivyo mvua kubwa ya kwanza maji yakatafuta pembeni, yakala ukingo, yakabeba na shamba la mtu robo ekari na miembe mitatu. Kontrakta aliyejenga alishalipwa akaenda. Mwenye shamba tulimkuta, mzee mpole, akatukaribisha uji, akasema yeye siku hizi akisikia gari la mradi anaenda kujificha.

Tukiwa hapo nikaona alama za magurudumu makubwa ndani ya mto. Malori ya mchanga, yanakuja usiku. Kijana ananiambia mchanga wa bwawa ukibebwa ni kama kubeba tangi la maji na maji yake, na kikundi chao wanalala zamu. Kaunti jirani ya Makueni walipitisha sheria yao ya kulinda mchanga 2015, lakini sheria hailali mtoni. Nikafikiria nyumba ninayokaa Mombasa, ghorofa nne, ule mchanga ulitoka mto wa nani.

Siku ya 7, Jumamosi. Jiwe, na mtungi wa mchanga

Asubuhi nusu siku ya mwethya, mchana rafiki yangu akanipeleka kuona maji ya kwenye jiwe. Kitui Kusini yapo majabali makubwa yametokeza tu katikati ya nyika, kipara kitupu. Wanajenga kijiukuta kifupi cha mawe na saruji kuzunguka tumbo la jiwe, kama ukingo wa sinia, mvua ikinyesha inateremka inafuata kijiukuta hadi kwenye tangi chini. Hesabu ni rahisi hata mimi nimeishika: milimita moja ya mvua juu ya mita moja mraba ni lita moja. Jiwe la ekari moja ni kama mita mraba 4,000, mvua ya milimita kumi tu, mvua ya nusu saa, ni lita 40,000, toa kidogo ya kupotea. Na halinywi, si kama udongo. Tulipanda juu, tukakaa, mibuyu chini imesimama uchi, upepo mtamu. Hapa nilishinda muda mrefu na sina cha kuripoti.

Jioni fundi akaniita. Akasema umebeba mawe wiki nzima sasa uliza ulichotumwa. Nikamweleza mto wetu wa Kinango. Akasema siwezi kukwambia ndio wala la bila kuona, lakini nitakupa mitihani miwili ukaufanyie mto wenyewe.

Wa kwanza chupa. Tia mchanga wa mto nusu, jaza maji, tikisa, weka usubiri. Mchanga unatua chini, tope linakaa juu yake kama malai. Tope likiwa jembamba sawa.

Wa pili mtungi wa lita ishirini uliokatwa mdomo. Ujaze mchanga mkavu hadi juu, alafu mimina maji polepole ukihesabu hadi yaonekane juu. Tulijaribu na mchanga wa pale, umeingia lita saba. Ndani ya mtungi ambao umejaa tayari! Alafu akatoboa tundu chini, tukaweka sufuria, tukanywa chai tukisubiri, zikatoka tano. Mbili zimeshikwa na mchanga, hizo hazitoki. Akasema hiyo tano ndio bwawa lenu, zilizobaki ni maneno.

Na la tatu si mtihani ni kazi: nondo ndefu ya mita tatu, ichongwe alama, mpige nyundo mto mzima mkitafuta jiwe. Bila jiwe msianze.

Siku ya 8, Jumapili. Kurudi

Susu alinifungia ndengu kilo mbili, asali chupa ya soda na kuku hai. Kuku nilimrudisha kwa heshima, nikaeleza habari ya mbwa wa steshen, akacheka hadi akakaa chini. Gharama ya kurudi ni ile ile ya kuja. Nilikua nimenunulia nyumba ile sukari, unga, majani ya chai na sabuni, 1,500, na ukienda kwa watu namna hii usiende mikono mitupu ati kwa sababu wanakwambia usijali.

Ukuta nimeuacha umefika kama magoti juu ya mchanga. Wanataka wamalize kabla ya vuli, mwisho wa Oktoba, ndio mvua wanayoitegemea kule kuliko ile ya masika.

Kinango, Jumamosi 5 Oktoba

Hii si siku ya safari lakini ndio nilikotumwa. Tulikutana chini ya mkwaju, kina mama wote kumi na wawili na watoto wao, nikaonyesha picha, pale pa "umelikanyaga" wakaomba nirudie. Alafu tukaenda mtoni na chupa na mtungi.

Chupa tulitikisa tukaiweka juu ya jiwe. Baada ya saa nzima maji bado ni chai ya maziwa. Tope likatua hatimaye, nene kama vidole vitatu. Mtungi ukameza lita nne na nusu kwa tabu, tukatoboa, tukasubiri, tukapika chai tukanywa, ikatoka bilauri moja na kitu.

Kimya. Mamdogo ndio aliuliza, kwa hivyo hatuwezi?

Nikampigia fundi, hakushika, akatuma voisi noti: hapo penye tope hivyo msijenge, mtapata bwawa la udongo. Kuna wanaojenga ngazi ngazi, kama sentimita thelathini kila msimu ili tope lipite juu mchanga tu ubaki, lakini kama mchanga wenyewe haupo hata ngazi haisaidii. Pandeni na mto. Mchanga wa chembe kubwa hukaa huko juu, karibu na mahali mawe yanaanza. Na mkikosa kabisa, angalieni paa.

Paa ndio walilidaka. Shule ya msingi ina madarasa marefu ya mabati, tukapima kwa hatua, kama mita thelathini kwa nane, hizo ni mraba 240, milimita kumi ni lita 2,400, na hakuna hata gata moja. Mwalimu mkuu tunamuona Jumatatu. Wengine hawakuridhika, wanataka mto, kwa hivyo Jumamosi ijayo tunapanda nao, mimi na kina mama watano, na nondo ya mita tatu tumeichongesha alama Kinango mjini kwa 900.

Mamdogo alipofunga hesabu alipita mstari kwa mstari na kidole. Akasimama penye panga, 450, akauliza ilifika kwa nani. Nikamwambia haikufika, iko Mombasa juu ya friji. Akaandika pembeni: mali ya kikundi, ije Jumamosi, huko juu kuna miba.